Panya Namba Saba Anapumua Vizuri Mno

Jumatatu, 4 Agosti
Wiki ya sita kwenye labo hii ya Lilongwe. Panya weupe ishirini. Kila asubuhi nawatia kwenye sanduku la moshi wa kuni, saa nzima. Dokta Tadala anapima pumzi zao ajue moshi wa jikoni unawafanya nini mama zetu. Kazi ya maana! Naiunga mkono kabisa. Kwa panya kumi na tisa.

Namba saba, hapana. Nimemwita Feza. Wakati wa moshi anakaa mfukoni mwangu, anatafuna karanga. Hakuna anayejua. We Chabani, uko na akili!

Jumatano, 6 Agosti
Siku ya kupima. Panya anaingia kwenye kisanduku cha plastiki, kompyuta inachora pumzi yake. Kumi na tisa wanahema kama wamepanda mlima. Feza? Ametulia tuli! Dokta akampima mara tatu, akaita wenzake. Akasema mapafu haya yanashinda moshi. Akanisifu. Vainqueur, muosha vizimba, akanuna. Nilifurahi sana.

Alhamisi, 7 Agosti
Majanga! Vainqueur kaja anacheka. Feza kachaguliwa kwa kipimo kikubwa, Jumatatu. Analazwa usingizi, anatiwa kamrija kooni, mashine inampumulia na kupima ugumu wa mapafu. Nikauliza anaamka saa ngapi. Akasema haamki.

Wenzake wanabaki mpaka Desemba. Yeye kwanza, kwa sababu ya uzima wake! Mi mwenyewe njo nimemponza.

Ijumaa, 8 Agosti
Mpango: Feza aonekane mgonjwa. Nikasimama nyuma ya kizimba chake, nikakohoa kwa sauti nyembamba. Dokta akasikia. Akasema panya hakohoi hivyo. Akanipulizisha mimi kwenye mrija wa kupimia watu. Nikaambiwa mapafu yangu ni mazima, nirudi kazini. Aibu gani hii!

Jumapili, 10 Agosti
Nyumbani, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Nimemwambia mke wangu yote. Zaituni akacheka mpaka nsima, ugali wa huku, ikaungua. Akauliza karanga zake yeye ziko wapi. Kisha akaacha kucheka. Akasema anapika kwenye moshi tangu utoto, toka Kindu kule Kongo mpaka hapa, na kile kikohozi chake nakisikia kila asubuhi. Dokta anahesabu kwa ajili ya watu kama yeye, na mi nampa uongo. Niende nikaseme.

Nampenda huyu mwanamke, hata akinigombeza. Hasa akinigombeza.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimesema yote. Dokta akafuta namba saba kwenye orodha. Hafai tena kwa utafiti, hivyo hatapimwa. Atakaa dirishani, wanafunzi wajifunzie kumshika. Feza mzima! Nililia, naandika ukweli.

Mi sikufukuzwa. Nimepewa brashi ya kuoshea vizimba. Vainqueur kapewa kazi yangu ya moshi.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeapa mbele ya Dokta: panya ni namba tu, sitampenda tena hata mmoja. Nimeelewa kabisa. Nimekuwa mtu mwingine.

Leo nimeosha kizimba cha namba kumi na mbili. Mpole. Anahema kidogo, maskini, na akinitazama ni kama ananigombeza. Nimemwita Zaituni.

Sasa mi nimwache Zaituni kwenye moshi? Aka! Kesho nitaongea na Vainqueur.