Kikohozi cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Furaha! Mwenye zahanati kabadilisha malipo yangu. Mimi, tabibu wake wa pekee, sasa nalipwa kwa kila kipimo ninachoandika. Leo nimepima watu kumi na tisa. Msoma mita ya maji alikuja kusoma mita tu. Kaondoka ameacha damu, mkojo na picha ya kifua.

Jumatano, 5 Machi
Nesi kaniuliza mtu aliyechomwa na mwiba anapimwa moyo wa nini. Nikamwambia damu ya mguuni lazima ipite moyoni. Akasema basi damu yangu mimi ikikaribia kichwani huwa inageuza. Wivu tu! Vichupa vya mkojo vimekwisha.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Bima imekataa kulipia vipimo vyangu. Kuanzia leo napewa fungu moja la pesa kwa mwezi kwa familia zote zilizoandikishwa, na kila kipimo kinakatwa humo humo. Ajabu, mtaa mzima umepona! Mama mkwe kaja na kikohozi cha wiki mbili. Nikamwandikia maji ya uvuguvugu. Akasema, baba, Jumatatu si ulimpiga picha hadi msoma mita? Nikamjibu utabibu unasonga mbele, mama.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe kaletwa amebebwa, pumzi juu juu. Nesi kampiga picha bila kuniuliza. Nimonia! Kampa oksijeni, kampeleka hospitali kubwa mwenyewe. Mke wangu hanisemeshi. Nimelia stoo, nimekalia boksi la glovu. Mkosaji ni mimi. Naandika wazi.

Jumatano, 12 Machi
Nimekwenda wodini, nimepiga magoti, nimeungama yote. Mama mkwe akanisikiliza, akahema, akasema si ningemwambia tu ninavyolipwa, angekuja Jumatatu ile. Wodi nzima ikacheka. Nikaapa mbele ya mke wangu: malipo hayataniamulia tena mgonjwa.

Ijumaa, 14 Machi
Mama mkwe katoka hospitali. Wameagiza nimwangalie kila siku mpaka apone kabisa. Mwenye zahanati naye kaja na mpango mpya: nitalipwa kwa kila mgonjwa anayepona haraka. Hatimaye, utabibu wa haki! Mchana huu huu nimeandikisha timu nzima ya mpira, wote wazima kama chuma. Kesho wanapona.
Mama mkwe bado anakohoa kidogo. Nimemwandikia barua, ahamie zahanati ya jirani.