Kukaa kwa Haraka

3 Machi, Jumatatu
Mhadhiri wa chuo kikuu amekuja na karatasi zake. Mradi wa kuzuia wazee wa mitaa yetu wasianguke. Kila mzee anapewa karatasi ya wiki: siku ya salama anaweka tiki, siku ya kuanguka anaweka eksi. Mtaa wa chini nasimamia mimi. Mtaa wa juu, Nesi Mstaafu. Msimamizi atakayefanya vizuri atahutubia mkutano wa chuo. Ni mimi! Miaka ishirini naandika magazetini kwamba wasomi huja, hupima, huondoka. Sasa nitawaambia usoni. Hotuba ina kurasa kumi na moja, na bado sijafika kwenye hoja.

Mama, ninayeishi naye, ana miaka themanini na moja. Ameniomba tena niondoe vitabu nilivyorundika sakafuni, njia ya bafuni. Nimemwambia hotuba ikiisha.

5 Machi, Jumatano
Mazoezi ukumbini. Wazee wameshika migongo ya viti, wanasimama kwa mguu mmoja. Nesi anahesabu kwa sauti kama mnadi. Kanizidi miaka mitano, kwa hiyo sina budi kumwamkia. Shikamoo ilinikwama kama mwiba wa samaki.

Baadaye nikawavuta wazee wangu pembeni. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka. Nikaongezea langu: aliyetua kitandani, kitini au juu ya ndoo hajaanguka, amekaa kwa haraka. Aweke tiki. Mzee mmoja, fundi cherehani, akauliza itakuwaje akimwangukia mkewe. Nikamjibu hayo ni mambo ya ndani.

7 Machi, Ijumaa
Karatasi zimekusanywa. Mtaa wa juu, eksi nne. Wetu, hakuna hata moja! Mhadhiri alizitazama zetu kwa muda mrefu. Bila shaka amevutiwa.

8 Machi, Jumamosi
Mama anamimina chai kwa mkono wa kushoto. Nikauliza. Akasema si kitu. Nikamfunua khanga mkononi: kifundo kimevimba, cheusi. Nikachukua nakala ya karatasi yake. Tiki tano, zimenyooka kama askari.

Nikamuuliza kama alianguka.

"Mara mbili," akasema. "Kwenye vitabu vyako. Lakini mara zote nilitua juu ya vitabu, mwanangu, nikaona nimekaa kwa haraka."



Akaongeza kwamba hakutaka kuniharibia hotuba.

9 Machi, Jumapili
Nimemwita Nesi. Nimemwamkia bila mwiba. Akampima Mama, akamfunga mkono, akasema mfupa haujavunjika, ila mwanguko wa tatu usingekuwa na huruma. Kisha akainama, akaanza kuhamisha vitabu. Nikainama naye. Nusu saa tu, njia ikawa nyeupe. Akasema mganga hajigangi, na mimi hata si mganga. Nimekubali, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

10 Machi, Jumatatu
Nimepita nyumba kwa nyumba na kufuta fundisho langu. Wazee wakasahihisha karatasi. Eksi tisa! Fundi cherehani peke yake tatu, moja kwa ushirikiano wa mkewe. Nimempelekea mhadhiri, nimekiri yote. Hakukasirika. Akasema kila eksi inawaonyesha pa kuweka taa na vyuma vya kushikilia, na kwamba mtaa usio na eksi hawajui waanzie wapi. Mtaa wa juu umeshafungiwa. Wetu unafuata kesho.

12 Machi, Jumatano
Chuma cha bafuni kimefungwa. Mama anakishika kama usukani. Nimefurahi, kweli.

Ila nimewaza. Kama eksi ndizo zinazoleta mafundi, basi mwenye eksi nyingi ndiye msimamizi bora. Tisa kwa nne! Jukwaa ni langu. Nimeshamwomba fundi cherehani akumbuke na za mwaka jana.

Hotuba sasa ni kurasa kumi na nne. Nilihitaji rejeo moja, na vitabu Nesi alivipanga juu ya kabati. Nikaweka kigoda juu ya meza. Kitabu nilikipata, kilinipata pia.

Mama akauliza kutoka chumbani ni nini hicho kilichoanguka. Nikajibu, nikiwa sakafuni, kwamba hakuna kilichoanguka, nimekaa tu.

Kisha nikamsikia anatafuta kalamu.