Mtandao Usio na Mkubwa, Chini ya Uongozi Wangu

(Hotuba ya Mheshimiwa Daktari Mhandisi Balozi Mwendwa, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Uratibu wa Mitandao Isiyo na Kitovu, siku ya uzinduzi wa mradi katika Soko la Kenyatta, Nairobi. Nyuma yake kuna safu ya vibanda vya wasusi iliyozungushiwa mabati ya kijani, na mbele ya mabati kuna kitu kikubwa cha mraba kilichofunikwa kitambaa chekundu.)

Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu zisizozuilika hakuweza kufika na hivyo amenituma mimi niwe mgeni wangu mwenyewe; Mwenyekiti wa Bodi, ambaye kwa sasa ni mimi pia, kwa kukaimu; waheshimiwa wanachama wa Kamati Tekelezi, Kamati Simamizi na Kamati ya Chai; wawakilishi wa washirika wa maendeleo, kama wapo; viongozi wa dini mliotuombea mvua isinyeshe mpaka nimalize; mabwana wa nyama choma; akina mama wasusi mliosimama huko juani kwa nidhamu ya kupigiwa mfano; na wageni wetu kutoka Kilimani mliokuja na magari yenu mkakosa pa kuegesha; itifaki yote, hata ile niliyoisahau, naomba ihesabiwe kuwa imezingatiwa. Hamjambo? (Watu wachache: "Hatujambo.") Nimesema, hamjambo? (Wale wale wachache, kwa sauti kubwa zaidi.) Hapo sasa.

Ndugu zangu, leo ni siku ambayo wajukuu wenu watawauliza mlikuwa wapi, na mtajibu kwa kifua mbele kwamba mlikuwa Soko la Kenyatta, mkinisikiliza. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye msongamano wa Waiyaki Way asubuhi nzima kama mwananchi wa kawaida, kwa sababu king'ora cha gari langu kimeharibika, na nilivumilia yote hayo kwa ajili yenu.

Kwa wale ambao hawakubahatika kusoma kufikia kiwango changu, nitaeleza kwa lugha nyepesi. Hizi apps mnazotumia kuitisha teksi, kutumiana picha za nywele na kuuliza kama mutura, ile soseji ya damu, imeiva, zote zinakaa ndani ya mashine kubwa ya mtu mmoja aliye ng'ambo, msiyemjua na asiyewajua. Siku akiamka vibaya akazima mashine yake, ninyi nyote mnabaki mmekodolea simu macho kama mtu aliyesahau jina la mkwewe. Wataalamu wakasema, kwa nini tusijenge miundombinu ya kizazi kijacho cha applications za wavuti, ambapo mzigo unagawanywa kwa kompyuta ndogo nyingi ziitwazo nodi, moja mtaani Mountain View, moja Kangemi, moja katikati ya jiji, moja hapa sokoni, zinasaidiana kama majirani kwenye matanga, na moja ikizimika nyingine zinaendelea? Hiyo ndiyo inaitwa decentralization. (Makofi kutoka hema la waheshimiwa.)

Lakini nilipoisoma concept note, yaani andiko la mradi, nilishtuka. Ilisema mtandao huu hauna mkubwa. Narudia, hauna mkubwa! Nikamwita mshauri wangu wa kiufundi, kijana Quincy, ambaye ni mtoto wa dada yangu lakini aliipata kazi hiyo kwa ushindani mkali dhidi ya mtoto wa kaka yangu, nikamuuliza: Quincy, kama hakuna mkubwa, nani anafungua mkutano? Nani anatia sahihi? Nani anafunguliwa mlango wa gari? Hapo ndipo uongozi wenye maono ulipoingia kazini, na kwa muda mfupi tukawa tumeanzisha Makao Makuu ya Kitaifa ya Kutokuwa na Kitovu, yaliyoko Kilimani, ghorofa tatu zenye lifti, mkurugenzi mkuu mmoja, wakurugenzi wasaidizi kumi na wanne, na dawati la malalamiko linalofunguliwa kila Alhamisi isipokuwa Alhamisi yenye mkutano. Sasa hata nodi ikitaka kuongea na nodi nyingine, inaandika barua kupitia kwangu. (Makofi.)

Takwimu hazidanganyi, na hizi nimezitayarisha mwenyewe. Utafiti wetu wa kina unaonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya wakazi wa Nairobi wanaunga mkono mradi huu. (Minong'ono.) Hizo nne ni wageni waliokuwa wanapita. Tumefanya warsha thelathini na sita kuhusu soko hili hili, zote zikiwa Naivasha na Diani ili kupata utulivu. Tumekwenda benchmarking, yaani kujifunza kwa wenzetu, Singapore na Dubai, Dubai mara mbili kwa sababu mara ya kwanza tulikuta maduka yamefungwa. Na huko kote wenyeji wetu walistaajabu sana jinsi ujumbe wetu ulivyokuwa mkubwa.

Mtaniuliza, kwa nini Soko la Kenyatta? Siku niliyokuja hapa na Quincy kwa site visit, baada ya kumaliza mbavu zetu za kuchoma, tulipita kwenye safu hii ya vibanda vya nywele, na nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona katika utumishi wangu wote. Kichwa kimoja cha mteja, wasusi watano! Mmoja yuko kwenye paji la uso, wawili masikioni, mmoja kisogoni, mwingine anachambua nywele za kuunganishia, wote wanaongea mambo yao ya kanisa, na hakuna anayemwamuru mwenzake. Mmoja akainuka kwenda kunyonyesha mtoto, waliobaki wakasogea kidogo, kazi ikaendelea. Nikauliza, msimamizi wa kichwa hiki ni nani? Wakacheka! Quincy akaninong'oneza, "Uncle, hii ndio ile kitu. Hii ndio tunajaribu kujenga." Nikamwambia anyamaze, kwa sababu ile ilikuwa vurugu tupu. Hata hivyo, jicho langu la kiuongozi likaona kwamba kila kibanda kina soketi mbili za umeme, paa halivuji na hewa ni nzuri, na papo hapo nikatoa agizo safu yote ihamishwe ili kupisha nodi. (Makofi katika hema la waheshimiwa. Kwingine hakuna.)

Na asije mtu akasema hatukushirikisha umma. Akina mama hawa waliitwa, wakapewa soda na mkate, wakatia sahihi kuonyesha kwamba wamefika, na sisi tukaziwasilisha sahihi hizo kuonyesha kwamba wamekubali. Nikawaahidi mbele ya Mungu na kamera kwamba siku nodi itakapowashwa, watarudi ndani, kila mtu na kibanda chake, na intaneti ya bure juu.

(Mwanamke mwenye aproni nyeusi, Millicent, aliyekuwa akisuka katika kibanda cha kwanza tangu kifungua mimba wake akiwa mgongoni, anainua kichana: "Sasa leo si ndio hiyo siku? Tuingie saa ngapi?")

Swali zuri sana, Mama, na nitalijibu wakati wa maswali, ambao kwa bahati mbaya umeondolewa kwenye ratiba.

("Hapana, mkubwa, jibu tu saa hii. Tunasukia watu huku nje, kando ya jiko za nyama. Mteja anasukwa vizuri, anarudi ofisi akinuka mbuzi! Wengi wameacha kukuja. Peres alishachoka akaenda kufulia watu nguo huko Mountain View. Tulikuwa wanane kwa kibanda yangu, tumebaki wawili, na shule zimefunguliwa. Mimi nauliza tu, tunaingia lini?")

Mama, tusikilizane kwa heshima. Hiyo unayoiita harufu, katika sekta yetu tunaiita synergy. Mteja anapata nywele na hamu ya kula kwa safari moja, na hiyo ndiyo ecosystem ambayo nchi zingine zinalipa mabilioni kuipata. Na huyo Peres aliyefika Mountain View ni mfano hai wa huduma kuwafikia watu mashinani. Tumemgatua! (Kicheko kirefu katika hema la waheshimiwa. Millicent hacheki.) Mwenye shida asiangalie leo tu. Aangalie roadmap, yaani mpango wa mbele. Kwenye roadmap yetu, Mama, wewe una kibanda, una kompyuta, una kiyoyozi, na nadhani pia una gari dogo.

Nikija kwenye usalama, wapo wakosoaji wanaokaa kwenye mikahawa wakinywa kahawa baridi, wanaouliza nodi zetu ziko wapi. Nodi elfu moja na mia mbili! Tulifanya tathmini, tukaona kuzitawanya huku na huku ni kuwakaribisha wezi. Kwa hivyo zote zimewekwa mahali pamoja, chini ya kufuli moja, ufunguo ninao mimi, na nikisafiri nasafiri nao. Ninathubutu kusema kwamba huu ndio mtandao usio na kitovu uliolindwa kuliko wote barani Afrika. (Quincy, aliyeketi safu ya pili, anajifunika uso kwa ratiba ya hafla.)

("Ziko ndani ya hiyo kitu umefunika?" Ni Millicent tena. "Si basi ufunue tuone. Ufunue, uwashe, tuingie tufanye kazi." Wasusi walio nyuma yake wanaitikia: "Funua! Funua!")

Utulivu! Tafadhali, utulivu! Kufunua kuna itifaki yake. Jiwe la msingi la mradi huu nililiweka mimi mwenyewe. Nikalizindua tena wizara ilipobadilisha jina. Nikalizindua mara nyingine lile la kwanza lilipoibiwa, na kila mara mlipiga makofi bila kuuliza maswali, sasa leo kuna nini? Hatuwezi kutoka kwenye uzinduzi tukaruka moja kwa moja hadi kuwasha. Katikati kuna uzinduzi mdogo, uzinduzi mkubwa, uhamasishaji, uhamasishaji wa waliohamasishwa, na ripoti. Kuwasha ni Awamu ya Tano, nayo inasubiri fedha za Awamu ya Sita, ambazo haziwezi kutolewa kabla Awamu ya Tano haijakamilika. Ni utaratibu tu, msiufanye kuwa siasa. (Upepo unainua pembe ya kitambaa. Inaonekana kadibodi, na juu yake mchoro wa friji ya milango miwili. Soko zima linaangua kicheko.)

Msicheke! Mitambo hii inataka baridi. Bwana mdogo, rudisha hicho kitambaa, weka na jiwe juu.

Tusimame sasa kwa kaulimbiu. Nikisema mtandao, mnasema wetu sote. Mtandao! (Hema: "Wetu sote!") Nikisema kitovu, mnasema hakuna. Kitovu! (Hema: "Hakuna!") Kizazi kijacho! (Hema, kwa kuchanganyikiwa: "Hakuna!") Hapana, hapo mnasema kipo. Kizazi kijacho! (Hema: "Kipo!" Kutoka juani, sauti za wanawake: "Vibanda vyetu!") Hiyo haiko kwenye programu. Nimesema hiyo haiko kwenye programu. (Sauti hizo zinaendelea.) Fundi, ongeza sauti ya maikrofoni yangu.

Kwa hayo machache, niruhusuni nitoe shukrani. Namshukuru Bwana Kamlesh, mwenye duka la vyombo vya umeme kule mjini, kwa kutuazima kadibodi ile, na ninaelewa kwamba friji yenyewe ilikuwa imeshapelekwa kwa mteja, la sivyo leo tungekuwa na kitu cha ndani. Namshukuru kijana Quincy, ambaye kila wiki amenisihi tununue angalau kompyuta moja. Shauku ya vijana ni jambo zuri na nitaendelea kuitia moyo. Kwa namna ya pekee namshukuru mke wangu mpendwa, Bi Jacklyne, ambaye wakati sisi tukiwa kwenye warsha alijitolea kupaka rangi vibanda hivi kwa ndani, akaweka vioo, masinki ya kuoshea nywele na viti vya ngozi, na ambaye Jumamosi atafungua humo saluni ya kisasa kwa wateja wa hadhi. Akina mama, nafasi za kufagia zipo. Mwoneni yeye. (Wasusi wanageuka kutazama mabati.)

Na mwisho kabisa namshukuru wakili wetu, Bi Carolyne, kwa kuniondolea wasiwasi asubuhi ya leo. Nilimuuliza, itakuwaje hawa akina mama wakienda mahakamani kudai kwamba mradi uliwafukuza? Akanifafanulia kitaalamu kwamba mradi huu haukuwahi kusajiliwa, haukuwahi kutangazwa tenda, hauna nodi hata moja wala waya wa kuiunganisha. Na mahakama haiwezi kuulaumu mradi ambao haupo kwa kumhamisha mtu aliyepo. Kwa hivyo, Mama Millicent, kisheria wewe hukufukuzwa na yeyote. Uliamka tu siku moja, ukafunga kibanda chako mwenyewe, ukatoka na watoto wako ukaenda kukaa kwenye moshi kwa hiari yako, na sisi kama Mamlaka tunakushukuru kwa moyo huo wa kujitolea. Asanteni sana. Waheshimiwa, chai iko tayari. Hao wengine, askari atawaonyesha pa kutokea.