Mlango Usiolia

Jumatatu, 4 Machi

Mlango wa gereji umenichongea tena. Nimerudi giza likiingia. Injini nimeizima kule juu, mwanzo wa mteremko, taa nikazima, gari likashuka lenyewe hadi nyumbani bila hata kukohoa. Mpango safi kabisa. Kisha nikainua mlango. Ukapiga yowe, chuma kwa chuma, kuanzia chini mpaka juu.

Dirisha la ghorofani likafunguka. Mama mkwe. Akauliza, umefika, baba? Nikajibu nimefika, mama. Akauliza mbona leo nimechelewa. Nikasema kazi nyingi stoo, kuna rangi imeingia. Rangi imekuwa ikiingia kila siku tangu mwezi uliopita. Ingekuwa kweli, mji mzima ungekuwa umeshapakwa mara mbili.

Ukweli ni drafti. Kwa fundi viatu, nyuma ya soko. Nilimwapia mke wangu kwamba nimeacha, baada ya ile siku niliyomsahau kituoni kwenye mvua. Na niliapa kwa moyo mmoja. Tatizo ni kwamba fundi viatu ndiye aliyeshinda mchezo wa mwisho, na sasa anajiita Bingwa mbele za watu. Mtu haachi mchezo akiwa amefungwa. Anaacha akishashinda. Nikishinda tu, naacha.

Nilipoingia jikoni, mke wangu alishajua nimefika muda gani. Nani kamwambia? Chumba cha mama mkwe kiko juu kabisa ya gereji. Hapo huhitaji mpelelezi.

Hata hivyo nashukuru. Chakula kilikuwa cha moto, na hakuna aliyeninunia.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeamini kwamba Mungu ananipenda.

Mke wangu, akimimina chai, amesema ule mlango utakuja kumuumiza mtu. Asubuhi nikiwa bado kitandani, yeye na mama yake ndio huuinua. Mama hushuka ngazi zote zile na magoti yake mabovu ili ashike upande wa pili. Mke wangu anataka tununue mashine ya kufungulia. Unabonyeza rimoti, mlango unapanda wenyewe.

Nikapaliwa na chai. Mlango unaopanda wenyewe! Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, kama mashine hizo huwa zinapiga kelele. Akasema hajui. Nikasema basi nitakwenda naye dukani Alhamisi, maana mambo ya mota yanataka mwanamume. Akanitazama sana.

Namshukuru mke wangu kwa wazo hili. Na magoti ya mama mkwe pia, ingawa nawaombea nafuu.

Alhamisi, 7 Machi

Dukani. Muuzaji ni kijana mwenye tai fupi na subira ndefu. Akauliza mlango una uzito gani. Nikasema ni mzito. Akauliza upana. Nikanyoosha mikono. Mke wangu akafungua mkoba, akatoa karatasi yenye vipimo vyote, akampa.

Kuna aina mbili. Ya cheni na ya mkanda. Ya cheni ni imara, haichagui mlango, na inalia kama trekta. Muuzaji akaiwasha, mteja mmoja aliyekuwa akichagua balbu akaruka. Mke wangu akasema hiyo hiyo, inaonekana ina nguvu. Nikahisi jasho mgongoni.

Nikamwomba muuzaji atuoneshe ya mkanda. Nikafumba macho ili nisikilize vizuri. Nikasubiri. Nikamwambia basi awashe. Akasema ameshawasha, mzee. Nikafumbua macho, mlango ulikuwa juu. Machozi yalinilengalenga. Sitanii.

Mke wangu akasema ya mkanda ina bei, na sisi hatuna mtoto mchanga wa kuogopa kumwamsha. Hapo ndipo nilipotoa hotuba ya maisha yangu. Nikasema mama analala juu ya gereji. Nikasema ni mtu mzima, anastahili usingizi. Nikasema mimi siwezi kumwekea mama mkwe wangu trekta chini ya kitanda ili tu niokoe visenti. Muuzaji akaacha kuandika. Mke wangu akanishika mkono palepale mbele ya balbu, akasema hakujua kama nina roho hiyo.

Hata mimi sikujua.

Tukachukua ya mkanda, yenye betri ya akiba kwa siku umeme ukikatika, na yenye jicho pale chini linalozuia mlango usimshukie mtu. Inaunganishwa na simu pia. Sikusikiliza sehemu hiyo, nilikuwa nafikiria namna ya kumzingira Bingwa kete zake za kona.

Usiku mama mkwe alisimuliwa. Akaja mpaka nilipokaa, akaniwekea mikono yote miwili kichwani, akaniombea dua ndefu. Kwenye chakula akanipa paja la kuku ambalo kwa kawaida huwa lake. Nashukuru sana. Lilikuwa tamu kupita kiasi.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi amekuja kufunga mota. Nilimsaidia kwa kushika ngazi na kumpa ushauri. Baadaye akaniomba nishike ngazi tu.

Nilihofia kwamba mota itakuwa kimya na mlango wenyewe utaendelea kupiga yowe. Nikamweleza wasiwasi wangu. Akapaka grisi kila bawaba, akabadilisha magurudumu yaliyoliwa, akabonyeza. Ule mlango uliokuwa ukisikika nyumba tatu ng'ambo ukapanda kama pazia. Nikabonyeza mwenyewe tena, na tena. Mama mkwe alitazama kutoka dirishani akacheka. Akasema sasa hatasikia chochote. Nikasema ndiyo, mama, hilo ndilo lengo.

Jumatatu, 11 Machi

Ushindi! Sio wa drafti. Drafti nimefungwa, tena vibaya, Bingwa alipata kingi mbili mimi nikiwa bado napanga. Lakini nyumbani nimeingia kama moshi. Injini imezimwa juu ya mteremko. Kidole kwenye rimoti. Mlango ukapanda, gari likajisukuma ndani, mlango ukashuka. Dirisha la juu halikufunguka. Hakuna aliyeuliza chochote.

Nikatokea jikoni kwa mlango wa ndani, nimevaa ndala, kama mtu aliyekuwa nyumbani zamani. Mke wangu akasema hakujua kama nimesharudi. Nikasema nilikuwa gereji, napangapanga vitu. Mama mkwe alikuwa mezani. Alinitazama kwa muda, akasema, kumbe umefika. Akala kidogo, akaenda kulala.

Nawashukuru wote waliovumbua mkanda.

Jumanne, 12 Machi

Sina hamu ya kuandika, lakini naandika.

Mvua ilianza mchana. Niliondoka kwa fundi viatu nimechelewa kuliko siku zote, nikashuka mteremko, nikaingia kimya. Mpira ulikuwa unatangazwa redioni. Nikabaki garini kusikiliza kipindi cha pili, kiti nimekilaza. Starehe yangu ilikuwa kamili.

Nilipoingia ndani mke wangu alikuwa amesimama sebuleni, koti mkononi. Akauliza niko na mama? Nikasema siko naye. Akasema mama hayumo chumbani, hayumo bafuni, na mwavuli wangu haupo. Tukatoka mbio.

Tulimkuta kule juu, mwanzo wa mteremko, palepale ninapozimia injini. Amelowa chapachapa, ndala zimejaa tope. Mwavuli ameushika mkononi, haujafunguliwa. Alikuwa akimulika tochi kila gari linalopita. Mke wangu akamuuliza mbona hakujifunika mvua. Akasema mwavuli ni wa baba, atashuka garini bila koti.

Akaniona. Hakugomba. Alinishika mkono, akaubonyezabonyeza kuanzia bega mpaka kiganja, kama mtu anayekagua kama nimekamilika. Akasema, mlango haukulia, nikasubiri ulie. Kumbe alitoka mimi nikiwa tayari gereji na mpira wangu.

Nyumbani, akiwa amefungwa mablanketi, magoti yamevimba, alitueleza. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Miaka yote alikuwa akichemsha maji ya chai huku akisikiliza geti. Jioni moja geti halikulia, na maji yakachemka mpaka yakaisha sufuriani. Tangu aje kukaa kwetu, hawezi kulala mpaka ausikie mlango wa gereji. Jana pia hakulala, alinyamaza tu kwa sababu mashine imenunuliwa kwa ajili yake, na hakutaka kuonekana hana shukrani.

Muda wote huu nilidhani ananipeleleza. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado shule, na tangu hapo sikujua kama kuna mtu anayenisubiri ili alale. Kumbe yupo, juu ya gereji. Nashukuru amerudi salama. Nimeona aibu pia, na niliingia bafuni nikafungulia bomba ili nisisikike.

Jumatano, 13 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nimeukandakanda mguu wa mama mkwe kwa maji ya moto, nikamchemshia chai mwenyewe. Akasema sukari imezidi. Akanywa yote.

Kisha nikashuka gereji kutafuta kelele. Kwanza nilifikiria kuifuta ile grisi, ikanishinda. Nikachukua vifuniko vitatu vya sufuria na kijiko kimoja cha bati, nikavifunga kwa kamba ndani ya mlango. Nikabonyeza. Mbwa wa jirani akabweka. Juu, dirisha likafunguka. Umefika, baba?

Nikasema nimefika, mama. Nilikuwa sijaondoka, lakini nilisema kwa furaha.

Mke wangu amesema sisi ndio watu pekee duniani walionunua mashine ya kimya na kuivalisha sufuria. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Muda mrefu sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Nashukuru kwa mke huyu. Nashukuru kwa mama yake. Drafti basi. Safari hii ni kweli.

Ijumaa, 15 Machi

Bingwa alituma salamu stoo kwamba nimemkimbia. Mbele ya wafanyakazi wenzangu. Nikaona niende mara moja tu, nikanushe.

Wala sikusahau yaliyotokea, nataka hilo lieleweke. Ndiyo maana wakati wa chakula cha mchana nilisoma kile kijitabu cha mashine, ile sehemu ya simu. Unaweza kufungua mlango ukiwa popote! Unabonyeza kwenye simu, mlango unapanda, unashuka. Vifuniko vinalia. Mama anatulia, analala. Nani anaumia hapo?

Jioni, nikiwa na kingi moja zaidi ya Bingwa, naapa, kingi moja zaidi, nikatoa simu nikabonyeza. Haikupita muda ikaita. Mama mkwe. Akasema amesikia vifuniko, ameshuka na chai, mlango uko wazi na mimi sionekani. Gari liko wapi? Nikamwambia gari limo humo humo, aangalie vizuri.

Gereji ina nafasi ya gari moja. Akasema basi atakaa hapo kwenye kigoda aendelee kuangalia, mlango usije ukaachwa wazi bila mtu.

Nikainuka na kingi yangu moja zaidi. Bingwa akasema kuinuka ni kufungwa. Nikachukua funguo za gari.

Nilimkuta kwenye kigoda, mguu umenyooshwa, vikombe viwili pembeni. Nikaanza kusema kuhusu rangi. Akanikatiza taratibu, akasema rangi hainuki hivyo, baba. Nguo zako zinanuka gundi ya viatu tangu mwezi ule. Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akimwambia mke wangu muda ninaofika. Akasema hajawahi kumwambia mtu neno. Mlango ule ulisikika nyumba tatu ng'ambo, nani alihitaji kuambiwa? Yeye alitaka tu kujua kama nimefika. Mengine ni yangu na mke wangu.

Tukanywa chai, mlango ukiwa wazi, tukitazama barabara. Akasema nikichelewa nichelewe, ila nimpigie. Nilimwambia asante, mama, na nilimaanisha kila herufi.

Sasa niko kitandani, siachi kushukuru. Muda wote huu amejua, na hakuna neno lililomtoka. Mtu mwaminifu namna hiyo, mwenye siri, anayenipenda, na anaishi juu kabisa ya mlango wangu. Nilikuwa natafuta mashine wakati yeye yupo.

Kesho nampa rimoti ya akiba iliyokuja na mashine. Nikichelewa nampigia kama alivyoomba, yeye anabonyeza, vifuniko vinalia, na mke wangu huko jikoni anajua nimesharudi. Kasoro siioni. Bado sijamwambia mama.