Tambi za Waajemi na Jeneza Langu

Leo nimefedheheka. Andika hivyo kwanza, Zuhura, kabla ya salamu.

Mimi ni Fatuma. Baba yangu ni Salimu wa Hamadi, aliyezaliwa Msambweni, na mama yangu ni Mwanatumu binti Bakari, aliyezaliwa hapa hapa Bongwe, nami nilizaliwa katika kiwanja hiki hiki ninachokalia sasa. Wazazi wangu waliishi na wakafa bila kuaibika mbele ya mgeni hata mmoja. Mimi nimeishi, nikaaibika, na leo mchana nilikaribia kuzikwa. Rafiki zangu wa Vanga, atakayewasomea barua hii awasomee polepole, na asiruke mahali popote.

Mnajua kwamba mjukuu wangu Mwanasiti ameposwa na kijana wa Munje. Kijana hana neno. Ni mpole na anaswali. Neno liko kwa shangazi yake, Bi Mwanakombo, ambaye ndiye aliyemlea na ndiye mwenye kauli. Akikubali, ndoa ipo. Akikunja uso, hakuna ndoa, na Mwanasiti atalia mpaka mwaka uishe (naye akilia, kazi zote za nyumba hii hulala).

Mara ya kwanza alipokuja kutuona, Bi Mwanakombo alitueleza kwa urefu kwamba watu wa Munje asili yao ni Shirazi, katika nchi ya Waajemi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya upole mno, “Na ninyi Wadigo wa Bongwe, bi mkubwa, mgeni akija mnampikia nini? Muhogo?”

Muhogo! Nilitabasamu. (Mwanasiti anasema lile halikuwa tabasamu.) Nikamjibu, “Inshallah utakaporudi utaona.”

Sasa, katika vyumba vyangu vya nyuma amepanga Mama Njeri, mwanamke wa bara, Mkristo, mpishi katika hoteli moja ya Diani. Ni mtu wa heshima, ijapokuwa Kiswahili chake kinakwenda mbio kama kinafukuzwa. Juzi alirudi kutoka kazini akaniambia (yeye huniita shosho, yaani bibi kwa lugha ya kwao), “Shosho, wiki hii tuko na wageni wametoka Iran, wengine huko Shirazi kabisa! Nimewapikia pasta ya yogati na majani freshi, wakamaliza, wakaitisha ingine.”

Nikamuuliza pasta ni nini. Akanionyesha pakiti. Kumbe ni tambi! Tambi hizi hizi tunazozipika kwa sukari na iliki siku ya Idi, ila zimenyooka na zimenenepa kidogo.

“Na wanazila kwa mtindi?”

“Kwa mtindi, shosho. Na dania, na nanaa, na rehani kidogo tu.”

Rehani! Mnajua habari ya rehani kwetu. Kijiti kimoja huingia katika kikuba, kile kifungu cha maua anachojipamba bibi harusi. Fungu zima huchumwa kwa ajili ya maiti, na mtaa huu wote huja kulichuma kwangu, kwa sababu mrehani wangu ulio kando ya kisima ndio mkubwa kuliko yote. Kuitia rehani katika sufuria sijapata kusikia. Lakini nikajiambia: ikiwa hiki ni chakula cha Shirazi, Bi Mwanakombo atakinusa, atakitambua, na atakoma kuniuliza habari za muhogo. (Hicho ni kiburi. Andika, Zuhura, usinitazame.)

Leo asubuhi Mama Njeri aliniachia pakiti zake za tambi na mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa. Alipokuwa akitoka kwenda kazini, aligeuka mlangoni.

“Shosho, yogati usichemshe! Zima moto kwanza ndio uitie. Ukichemsha itakatika!”

“Nimesikia,” nikamwambia.

Nilisikia. Sikusema kwamba nitatii. Mimi nimepika kwa tui la nazi tangu kabla mama yake hajaolewa. Tui hutiwa motoni, hukorogwa, hutokota taratibu, likawa zito. Nikautazama ule mtindi: mweupe kama tui, mzito kama tui. Nikautia motoni, nikaukoroga kama tui.

Ukakatika. Wala haukukatika kwa adabu. Maji yakaenda huku, madonge yakabaki kule, na tambi zikalala katikati kana kwamba mtoto mchanga amezicheulia.

“Bibi, umekatika,” akasema Mwanasiti, ambaye alikuwa akikata vitunguu.

“Haujakatika. Unapumzika.”

“Bibi, wageni wameonekana njia panda.”

Mchele sikuwa nao uliochaguliwa. Kuku sikuwa naye aliyechinjwa. Nilikuwa na sufuria ya madonge, na mwanamke wa Munje yu njiani. Nikaamua kuyafunika yale madonge kwa majani.

“Nenda kisimani ukachume rehani,” nikamwambia Mwanasiti. “Lete nyingi! Lete zote! Mbona umesimama?”

Yaliyotokea kisimani mimi sikuyaona, nimeelezwa baadaye. Mwanasiti alitoka mbio, macho yamejaa machozi ya vitunguu na ya ukali wangu, akaupukusa mrehani mpaka ukabaki vijiti. Jirani yetu Bi Rukia alikuwa akichota maji. Akamwona msichana analia, amekumbatia rehani kifua kizima. Akamuuliza, “Mwanangu, kuna nini?” Mwanasiti hakumjibu, kwa kuwa alijua nikisubirishwa ninakuwa mtu mwingine. Akakimbilia ndani. Bi Rukia akaitua ndoo yake.

Mimi jikoni nilizikatakata rehani zile na kuzimimina zote. Tambi zikawa kijani. Madonge hayaonekani. Nilijisifu. (Ndiyo, nilijisifu, tena kwa sauti.) Nikapakua katika sinia, nikafunika kwa kawa.

“Hodi!”

“Karibuni, karibuni, starehe.”

Bi Mwanakombo aliingia pamoja na wifi yake na jirani yake mmoja. “Shikamoo, bi mkubwa.”

“Marahaba. Mmefikaje?”

“Salama, alhamdulillahi.”

Wakakaa mkekani. Ni lazima mjue kwamba Bi Mwanakombo ametoka eda hivi karibuni tu. Mumewe alifariki, Mungu amrehemu. Mimi nililijua hilo. Tena mkono wa rambirambi nilitoa. Lakini leo akili yangu yote ilikuwa katika sinia.

“Nimewapikieni chakula cha kwenu,” nikasema.

“Cha Munje?”

“Cha Shirazi.”

Nikafunua kawa.

Rehani mbichi ni jambo moja. Rehani iliyochanganywa na tambi za moto ni jambo jingine kabisa! Mvuke ulipanda, ukafika darini, ukashuka tena. Chumba changu cha wageni kikanukia sawasawa na nyumba ya msiba wakati maiti anapotolewa. Bi Mwanakombo akalitazama sinia. Akanitazama mimi.

“Mume wangu,” akasema polepole.

Kisha akapiga yowe.

Wifi yake, ambaye marehemu ni kaka yake wa tumbo moja, akapokea. Yule jirani akajifunika ukaya na kuanza, “Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun.” Mwanasiti alikuwa nyuma ya pazia, akadhani ameshakataliwa, naye akaangua kilio kuliko wote. Mimi nimesimama katikati, mwiko mkononi.

“Ni tambi!” nikawaambia. “Jamani, ni tambi!”

Nani anisikie?

Ndipo nikasikia vilio vingine, na hivi vilitoka nje. Nikadhani masikio yamenichezea. Nikasogea dirishani. Uwanja wangu umejaa watu! Wanawake wamejifunga kanga viunoni, wengine wamebeba mchele na nazi, na mmoja tayari anapanga mafiga.

“Bi Fatuma, jamani! Asubuhi hii nimemsikia akigombeza.”

“Alikuwa mkali yule.”

“Mkali, lakini mwema.” Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Rukia, naye alikuwa akilia kwelikweli.

Kisha ikaja sauti ya Bi Zainabu wa nyumba ya pili, kavu kabisa, haina chozi hata moja: “Ati, ile sufuria yake kubwa ya biriani itabaki kwa nani?”

Nikatoka.

Nilipofungua mlango, niliyekutana naye uso kwa uso ni Maalim Athmani wa msikiti wetu, na nyuma yake vijana wamebeba jeneza. Yule kijana wa mbele aliponiona alipiga ukelele ambao hata Bi Mwanakombo hakuufikia, akaachia mpini, na jeneza likapiga chini puu! Wanawake wakatawanyika. Nazi zikabingirika mpaka barabarani.

Maalim akashika ndevu zake. “Bi Fatuma?”

“Labeka.”

“Hu... hujambo?”

“Sijambo, Maalim. Hicho mmemletea nani?”

Akatazama chini, akatazama juu, akatafuta mtu wa kumjibia. Hakumpata.

“Wewe, bi mkubwa.”

Nilisimama pale nikilitazama jeneza, na la ajabu ni kwamba nililiona fupi. Nikakaa kizingitini, na Bi Rukia akaja kunishikashika mashavu kama anayepima unga.

Bi Mwanakombo akatoka nje, pua nyekundu. Akaona watu, akaona jeneza, akaniona mimi nimekaa. Mwanasiti akamweleza yote kwa kwikwi: rehani, mtindi, madonge. Hakuficha kitu (nitazungumza naye). Bi Mwanakombo akarudi ndani, akatoka na tambi mbili kidoleni. Akazitia mdomoni. Akatafuna kwa muda mrefu, na uwanja mzima ukimngojea.

“Hiki ndicho wanachokula Shirazi?”

“Ndivyo nilivyoambiwa.”

“Basi sasa nimejua kwa nini wazee wetu walihama.”

Alianza kucheka yeye. Akafuata wifi yake, kisha uwanja wote, mpaka yule kijana aliyeangusha jeneza. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nasubiri kauli yake, na Mwanasiti alikuwa amenishika bega kwa kucha.

Maalim akakohoa. “Na mimi nifanyeje? Nimetia udhu, watu wamekusanyika. Niwaambie warudi hivi hivi?”

“Usiwarudishe,” akasema Bi Mwanakombo. Akageuka kwangu. “Bi mkubwa, nakwambia kweli, nilikuja leo sijaamua. Nilisema nitaitazama nyumba kwanza. Nimeitazama. Hawa umewagombeza wote, hakuna hata mmoja aliyeitwa, na wote wamekuja wakikimbia. Mwanangu atapata wapi wakwe kama hawa? Maalim, tusomee Fatiha. Si ya maiti. Ya posa.”

Basi Fatiha ya posa ya Mwanasiti imesomwa uwanjani kwangu, jeneza limeegemezwa ukutani. Wali umepikwa kwa mchele na nazi walizoniletea kwa ajili ya msiba wangu, na mimi nimeula. Wali wa matanga yangu mwenyewe! Ulikosa chumvi.

Jioni Mama Njeri akarudi. “Shosho, walikula?”

“Walilia.”

“Wah! Walilia juu ya utamu?”

Nikamwambia aende akalale.

Sasa, Zuhura, nisikilize vizuri kuhusu la kuweka na la kutoa. Habari ya mtindi kukatika, itoe. Mahali niliposema nilijisifu, patoe pia. Maneno ya Bi Rukia, kwamba nilikuwa mkali lakini mwema, yaweke, na uyapigie mstari, kwa sababu kesho atakana. Maneno ya Bi Zainabu ya sufuria yaweke neno kwa neno, kisha uyaandike tena katika karatasi nyingine uniwekee sandukuni. Siku nitakapokufa kweli, yasomwe kwanza, kabla hajafika jikoni.

Nanyi wa Vanga, naomba asicheke mtu. Nimeliliwa, jeneza limetoka, wali umeliwa. Mimi kwa leo ni marehemu, na marehemu hachekwi.