Jeopjang Tak na Mishale Isiyovunjika

Bwana Tak Man-bok alikwisha kuuza vitu vingi maishani mwake, na vingi kati ya hivyo havikuwepo. Aliuza viwanja vya makaburi vinavyotazama bahari katika wilaya isiyo na bahari. Aliuza mizizi ya dawa ya ginseng ya milimani iliyokuzwa, kwa siri kubwa, na mkulima wa figili. Lakini mchana ule, ndani ya mgahawa wa Bwana Maeng mjini Hwaseol, hakuwa na chochote cha kumuuzia mtu. Alikuwa akinywa mchuzi wa tambi taratibu, akipima kwa jicho umbali wa mlango, ndipo alipowaona wazee wa meza ya pili wameinamisha vichwa kama watu wa msibani.

Mmoja wao, mwenye nyusi nene na koti la michezo, alifungua kitambaa juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na mshale wa kaboni uliochanika nyuma tu ya kichwa chake.

"Mwingine huu," alisema mwenye nyusi. "Ule ubao wetu wa shabaha ni mgumu kama roho ya mkwe wangu."

"Si nilikwambia uviringishe uzi na gundi pale shingoni, Mkuu?"

"Nani ana muda wa kuviringisha uzi? Mashindano ya mkoa haya hapa. Mimi nataka kupiga shabaha, sitaki kushona!"

Tak akaweka vijiti vyake chini. Roho yake, iliyokuwa imelala tangu mwanzo wa wiki, iliamka na kunawa uso. Mtu anayetaka kitu kidumu lakini hataki kukitolea jasho ni neema kubwa, na Tak alikuwa mcha Mungu vya kutosha kushukuru kimoyomoyo kabla ya kusogeza kiti.

"Wazee wangu, mniwie radhi kwa kuingilia maongezi. Mimi nimekaa na watawa wa Mlima Cheonun. Wao hawavunji mshale. Wanaupaka utomvu, mara moja tu, basi. Mshale unakuzika wewe."

"Utomvu gani huo?" aliuliza Mkuu. Jina lake lilikuwa Ok Byeong-hun, mkuu wa klabu ya upinde ya Hwaseol, na nyusi zake zilikuwa zimeshapanda juu.

"Ah, Mkuu," alisema Tak akishusha sauti. "Hapa pana masikio mengi."

Kesho yake asubuhi alisimama kwenye ukumbi wa wapiga upinde, mbele ya wanachama wote. Mkononi alishika mishale miwili. Wa kwanza, alieleza, haujapakwa kitu. Hakueleza kwamba alikuwa ameuchana kwa wembe usiku uliopita. Wa pili ulikuwa umepakwa utomvu, na katika uwazi wake wa ndani, ambako jicho la mwanadamu halifiki, alikuwa ameshindilia sindano ya chuma ya kufumia sweta. Aliipiga yote miwili kwenye ngazi ya mawe. Wa kwanza ukasambaratika. Wa pili ukalia kama chuma, na ulikuwa na haki zote za kulia hivyo.

"Mama yangu!" alisema Mkuu Ok, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye pochi.

Walichanga siku hiyohiyo. Pesa zilikuwa zimeshapokewa, na chupa ya udongo yenye mhuri wa watawa ikizungushwa kwa heshima mkono kwa mkono, alipofika Bi Gil Sun-rye akitokea saluni kwake. Ndiye aliyekuwa na shabaha kuliko wote pale, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Aliinusa ile chupa. Akainusa tena.

"Inanukia vizuri, Mwalimu."

"Ni utomvu wa msonobari mwekundu, dada yangu."

"Kumbe. Msonobari," alisema Bi Gil, akamrudishia chupa kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka.

Tapeli mwenye akili angepanda basi la kwanza. Tak alikuwa na akili, lakini kila siku alikuwa akijitokeza mwanachama mwingine na mishale yake na bahasha, na kumkimbia mtu anayekuletea bahasha ni utovu wa adabu. Kwa hiyo alibaki. Alipaka mishale ya watu, akala vyao, akalala kwenye chumba cha wageni cha klabu. Jioni alipiga upinde pamoja nao ili aonekane mtu wa fani. Na hapo ndipo palipomharibikia, ingawa yeye mwenyewe hakujua.

Palimpendeza mahali pale. Kila aliyeingia aliinama kwanza kuelekea ukuta wa heshima, hata Mkuu, hata Bi Gil. Kila mmoja, kabla ya mshale wake wa kwanza, alisema kwa sauti, "Ninajifunza upinde," na wenzake wakamjibu, "Ugonge mingi." Bingwa alisema ninajifunza. Tak, ambaye kwa nyakati tofauti alikuwa Profesa, Mkurugenzi na Mtawa, hakuwahi kujifunza kitu mbele za watu. Alijikuta akilisema lile neno na masikio yakimwaka moto. Kisha mshale wake ulikwenda popote ulipojisikia kwenda. Ubao ulikuwa mbali mno, ng'ambo ya shamba la ufuta, na mshale ukiugonga, taa nyekundu iliwaka na honi ikalia. Kwa Tak haikuwahi kuwaka.

Aliyegonga kwa mishale yake yote mitano katika raundi moja aliitwa Jeopjang. Ukishaitwa hivyo umeitwa: sokoni, hospitalini, hata juu ya jeneza. Tak aliona wenye jina hilo wakiitwa dirishani, "Jeopjang, njoo unywe chai!" na aliona wivu. Maisha yake yote majina alijipachika mwenyewe. Aliyopewa na watu yaliandikwa kwenye vituo vya polisi.

Bahasha ya mwisho ilipoingia, aliaga. Alisema anakwenda mlimani kuongeza utomvu. Bulungutu lilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, na basi la alasiri lilikuwa limeshajua jina lake.

"Mwalimu, utaondokaje bila kutupigia raundi moja?" alisema Bi Gil. "Tena utumie mishale yako, ile ya watawa. Tuone jinsi inavyokwenda."

"Basi langu, dada..."

"Basi lipo tu. Au mishale hiyo ina kasoro?"

Wote walimtazama. Mishale yake yote mitano ilikuwa na sindano tumboni, maana hakujua ni upi ataambiwa augonge kwenye jiwe. Ilikuwa mizito kama deni. Lakini kukataa kungezaa maswali, na maswali yangezaa kupekuliwa. Akasimama kwenye mstari.

"Ninajifunza upinde," alisema.

"Ugonge mingi!" waliitikia kwa pamoja, isipokuwa Bi Gil, aliyekuwa ameingia kibandani pale pembeni kutafuta kofia yake.

Akavuta, akaachia. Jua lilikuwa machoni, mshale ukapotelea kwenye mwanga wake. Kisha kule ng'ambo taa ikawaka nyekundu, na honi ikalia.

Tak alidhani ni taa ya mtu mwingine. Kwenye mstari hairuhusiwi kusema, kwa hiyo hakuna aliyesema. Akapiga wa pili. Taa. Wa tatu. Taa! Hapo ndipo wazo la ajabu lilipomjia: kumbe sindano inasaidia! Uzito unaunyoosha mshale! Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alishuku kwamba kitu alichowauzia watu kinafanya kazi. Wa nne ukawasha taa. Alipoachia wa tano alikuwa amefumba macho, akaisikia honi kama mtu anayesikia jina lake.

"Jeopjang!" Mkuu Ok alimkumbatia. "Jeopjang Tak!"

"Jeopjang!" walipokea wengine, wakamwinamia. Na Tak, Mungu ni shahidi, alilia machozi ya kweli. Hakuwa nayo mengi, kwa hiyo yaliisha upesi.

Sasa, Jeopjang mpya anaiandalia klabu nzima karamu. Hilo halijadiliwi. Na kwa kuwa ni furaha, klabu za jirani hualikwa, na kwa kuwa ni furaha kubwa, huja na wake na waume zao. Bwana Maeng alifika na sufuria za nguruwe wa kuchemsha upesi kuliko nguruwe yeyote anavyoweza kuiva. Zikaja chapati za vitunguu, kimchi ya kabichi kali, mapipa ya pombe ya mchele.

"Nani analipa?" aliuliza Maeng kwa adabu.

"Mimi!" alisema Tak, akachomoa bulungutu. Basi la alasiri lilipita barabarani likapiga honi. Hakugeuka hata kulitazama. Alilipa nyama, akalipa pombe, akalipa taulo za kumbukumbu zenye jina lake, ambazo kwa bahati nzuri zilikuwa zimeshachapwa. Bulungutu likawa bahasha, bahasha ikawa sarafu.

Jua likiwa linaelekea kuzama, alitaka mishale yake. Kwa kawaida kitoroli kinachopita juu ya waya huirudisha kutoka ubaoni. "Kimeharibika leo," alisema Bi Gil. Tak akashuka mwenyewe, akiimba.

Aliikuta kwenye ufuta. Yote mitano, karibu pamoja, imechomeka ardhini kabla hata ya nusu ya njia. Aliendelea kutembea hadi kwenye ubao, akaupapasa kwa kiganja. Haukuwa na alama mpya. Nyuma yake waya wa taa ulitambaa kwenye nyasi, ukarudi moja kwa moja hadi kwenye swichi ya kibandani kule juu, alikokuwa Bi Gil akitafuta kofia.

Alikaa chini. Aliumia, na kilichomuumiza zaidi hakikuwa pesa. Kisha akasimama, akajipangusa, akapanda kilima na mishale yake kwapani. Wote walikuwa wakimsubiri, vikombe mikononi.

"Umeipata, Jeopjang?" aliuliza Bi Gil.

"Nimeipata."

"Ilikuwa imegonga wapi?"

Angeweza kusema. Angesema, halafu awadai watu pesa zao wenyewe, na asiwe Jeopjang tena.

"Katikati," alisema Tak. "Yote."

"Na haikuvunjika?" aliuliza Mkuu Ok, nyusi zikimtetemeka kwa kicheko alichokizuia.

"Hata mmoja."

"Dawa kali ile," alisema Bi Gil akinyoosha vidole, kucha zake zikimeta kwa jua la jioni. "Wateja wangu hununua kasha zima. Wao wanaiita rangi ya kucha."

Klabu tatu zilicheka hadi ndege wakaruka kwenye paa. Tak alisimama katikati ya kicheko hicho, masikio yakimwaka.

"Jeopjang," aliita Mkuu Ok, akisogea kumpa nafasi kwenye mkeka, "njoo ule, nyama inapoa."

"Nakuja," aliitika Tak.