Binamu wa Sukari

Jumatatu, 9 Machi
Laiteri ya Nyantende, kiwanda cha maziwa, inachukua mwanafunzi mmoja tu wa staji, mafunzo ya kazini. Mmoja! Ni mimi au Zagabe. Zagabe hajui kemia, lakini ana sauti. Mimi nikisimamishwa darasani natoka jasho mpaka kwenye soksi. Mpango: kumshangaza Maman Eulalie, mkubwa wa laiteri, kwa elimu. Nimesoma kurasa arobaini kuhusu glycol, kimiminika kinachozunguka kwenye mabomba na kupoza tanki la maziwa bila kuganda.

Jumanne, 10 Machi
Darasa zima tumetembelea laiteri. Mashine imekufa! Bomba lilivuja, wakajazia maji matupu, yakaganda ndani. Nikanyoosha mkono. Zagabe akatangaza kwamba Maman Dictionnaire, yaani mimi, anaomba choo. Kicheko. Nikaeleza hata hivyo, macho kwenye viatu: glycol imepungua, na jina lake latokana na neno la Kigiriki, "tamu", kwa sababu ni binamu wa sukari. Maman Eulalie akasema huyu mutoto iko na kichwa. Mbele ya Zagabe! Glycol imeagizwa Kigali, itafika Ijumaa. Staji ni yangu.

Alhamisi, 12 Machi
Balaa. Tonton Raphaël, fundi wa mashine, hakuona sababu ya kungoja Ijumaa. Alisema siku ya mahari ya binti yake, mjomba hakufika, akakaa binamu mahali pake, na mambo yakaenda vizuri. Akamwaga kilo ishirini za sukari kwenye mabomba! Pampu imenata. Sisimizi wa Kabare nzima wamehamia. Lita mia nne za maziwa zimechacha. Alipoulizwa nani alimfundisha, alinitaja kwa heshima kubwa, pamoja na jina la ukoo.

Ijumaa, 13 Machi
Staji amepewa Zagabe. Nilimuuliza Maman Eulalie kwa nini, ilhali Zagabe hajui kitu. Akajibu kwamba ndiyo sababu. Shuleni naitwa Docteur Sukari. Mwalimu wa kemia naye! Glycol imefika, bidoni tatu. Mbili zimetiwa kwenye mashine. Hakuna aliyeniita nione.

Jumamosi, 14 Machi
Nilikwenda kuomba radhi, na barua ya kurasa sita. Maman Eulalie alikuwa Kavumu. Nilimkuta Tonton Raphaël na walinzi wawili, wamekaa kando ya bidoni iliyobaki. Wakaniomba, kwa adabu, niwaeleze vizuri safari hii. Sikutaja binamu yeyote. Mimi si mjinga! Nilisema ukweli mtupu wa kitabuni: kwamba glycol iko kwenye familia ya alcool, yaani pombe. Mlinzi mmoja akavua kofia. Mwingine akaenda kutafuta vikombe, nadhani vya chai. Tonton Raphaël akanipa kiti chake mwenyewe, akasema karibu, Docteur, endelea.

Hatimaye, watu wanaopenda sayansi.